Swali Kuhusu Ukoo wa Mama

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Navalayo na Ayuma walifuta ubao wa Gredi ya Nane. Haikuwa zamu yao. Walifika mapema kutoka Shieywe, na wote wawili hawakupenda kukaa bure. Navalayo, aliyekuwa mrefu, alifuta upande wa juu. Ayuma alifuta wa chini, polepole, kwa sababu asubuhi za baridi vidole vyake vilikuwa vigumu kukunja. Kisha waligonganisha dasta zao nje ya dirisha, vumbi la chaki likaangukia maua ya Mwalimu Were, naibu wa mwalimu mkuu. Mwalimu Were alikuwa bado anauliza watu ni ugonjwa gani ulioyashika maua yake, na jambo hilo liliwachekesha kila siku kana kwamba ni jipya.

Jumanne hiyo walipofungua mlango, ubao ulikuwa na maneno ambayo hayakuwa ya somo lolote. Yaliandikwa kwa herufi kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo:

USIKU MIFUPA IKIANZA KUUMA, NAUMA BLANKETI ILI MAMA ASINISIKIE.

Navalayo aliyasoma mara mbili bila kuelewa. Alipogeuka, alimwona Ayuma amesimama palepale mlangoni, dasta ameikumbatia kifuani. Hakulia.

"Ni maneno yangu," Ayuma alisema. "Nilimwandikia Mwalimu Immaculate."

Navalayo alirukia ubao akaanza kufuta kwa mikono miwili. Lakini wenzao walikuwa wameshafika, na nyuso zilikuwa tele dirishani. Kufikia saa ya chai, kuna waliokuwa wakimwita Ayuma jina jipya. Walimwita Blanketi. Ayuma alikuwa na selimundu tangu utotoni, ugonjwa wa damu unaoumiza mifupa, na hakuna mwanafunzi aliyejua isipokuwa Navalayo. Kila aliyemuuliza, Ayuma alimjibu kwa upole kwamba yuko sawa.

Navalayo alijua maneno hayo yalitoka wapi, na alijua ni mlango gani ulioyatoa.

Shule yao ilikuwa na tovuti iliyojengwa na klabu ya kompyuta. Kila mwanafunzi alijiandikisha kuwa mwanachama, akapata akaunti yake na kuchagua nywila, yaani neno la siri la kumfungulia yeye peke yake. Ndani mlikuwa na mazoezi na masomo. Pia mlikuwa na sehemu iliyoitwa Sanduku, ambamo mtoto aliweza kumwandikia Mwalimu Immaculate jambo asiloweza kulisema uso kwa uso. Mwalimu Immaculate alifundisha kompyuta, na pia alikuwa mwalimu wa ushauri. Aliwaahidi watoto kwamba kitakachoandikwa mle kitaonwa na mwandishi na yeye tu.

Wanachama wengine wa klabu walipamba kurasa na kuchagua rangi. Navalayo ndiye aliyejenga mlango: usajili, nywila, na namna tovuti inavyomtambua anayeingia. Kazi hiyo ilimpendeza kuliko mchezo wowote.

Shida ilikuwa kwamba watoto walisahau nywila zao. Klabu ilikuwa imekubaliana kwamba aliyesahau aende mwenyewe kwa Mwalimu Immaculate, mwalimu amwone kwa macho, ndipo amruhusu kuchagua nywila nyingine. Foleni ikawa ndefu nje ya chumba cha kompyuta, na watoto wakamnung'unikia Navalayo kwamba mlango wake ni mgumu kuliko lango la jela. Jumamosi moja alitazama somo mtandaoni lililoshauri kwamba aliyesahau nywila aulizwe swali ambalo yeye tu analijua jibu, kama vile jina la nyumbani kwa mama yake kabla ya kuolewa. Navalayo alilipenda wazo hilo. Akalibadilisha kidogo ili lifanane na kwao: Mama yako ametoka ukoo gani? Hakuna mtoto ambaye angelisahau jibu hilo. Akaliweka, kila mwanachama akalijibu, na foleni ikaisha.

Hakumwambia Mwalimu Immaculate. Mwalimu alipowasifu wanafunzi kwamba sasa wamejifunza kukumbuka nywila, Navalayo alitabasamu na kutazama viatu vyake.

Lakini huko kwao Kakamega, ukoo wa mama haukuwahi kuwa siri. Mwanamke akishaolewa huitwa kwa ukoo aliotoka. Mama yake Navalayo alibatizwa Jescah, ila sokoni na kanisani alikuwa Mutura, kwa kuwa alizaliwa kwa watu wa Abatura huko Shinyalu. Mama yake Ayuma alikuwa Mushimuli. Hata watoto wadogo waliotumwa kuomba chumvi kwa jirani waliyajua majina hayo.

Aliyeona jambo hilo kwanza alikuwa Willis, mchekeshaji wa darasa. Wiki iliyotangulia alimwita Navalayo kando ya kompyuta, akaandika jina la Navalayo, akaiambia tovuti kwamba amesahau nywila, akajibu swali kwa neno moja. Akaunti ya Navalayo ikafunguka mbele ya macho yake.

"Injinia, mlango wako unafunguliwanga na salamu," Willis alisema. "Mtu akimwamkia mama yako tu, ameingia."

Masikio ya Navalayo yaliwaka moto. Ijumaa ya wiki iliyofuata wageni kutoka shule nyingine wangekuja kuiona tovuti, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusimama mbele yao kuieleza. Alimsihi Willis anyamaze mpaka wageni waondoke, kisha atautengeneza mlango polepole. Willis alimtazama kidogo, akasema sawa. Lakini Willis alikuwa Willis. Siku mbili baadaye, uwanjani, alitamba mbele ya wavulana kwamba yeye akitaka anaweza kuingia kwenye akaunti ya mtu yeyote shuleni.

Majigambo hayo ndiyo yaliyomponza. Jumanne hiyo, baada ya chai, Mwalimu Were aliingia darasani na kuuliza ni nani aliyeandika ubaoni. Msichana aitwaye Gentrix, aliyekaa mbele, alisimama akasema hajui nani aliandika, ila amesikia Willis akijigamba. Willis alisimamishwa. Alisema hakuandika. Mwalimu Were alimuuliza basi angewezaje kuingia katika akaunti za watu, na ni nani aliyemfundisha.

Willis alimtazama Navalayo. Mtazamo huo haukuchukua muda.

"Nilikuwa nachekesha tu, mwalimu," Willis alisema.

Mwalimu Were alimwambia aje kesho na mzazi, na kwamba kama hatasema ukweli atakaa nyumbani mpaka shule iamue. Hapo uso wa Willis ulibadilika.

"Mimi nakaanga na kukhu," alisema. Kukhu ni bibi, mama wa mzazi, na Willis aliishi naye. "Magoti yake ni mabaya. Nipe kazi, mwalimu. Nitaosha vyoo mwezi mzima. Usimwite kukhu kupanda hii mlima."

Darasa lilicheka, kwa sababu lilizoea kumcheka Willis. Yeye hakucheka. Navalayo alifungua mdomo. Aliwaza juu ya Ijumaa, juu ya wageni, juu ya uso wa Mwalimu Immaculate. Aliufunga mdomo. Pembeni yake Ayuma alikuwa akipanga vitabu vyake upya, kimoja juu ya kingine, na Navalayo alipomnong'oneza pole, alijibu bila kugeuka, "Niko sawa."

Jioni Navalayo alikuwa akimsaidia mama yake kuchambua mboga uani. Jirani alipitisha kichwa juu ya ua akaita, "Mutura! Umeshindaje?" Mama akaitikia kwa furaha. Akapita mwingine njiani, naye akaita vivyo hivyo. Kila sauti ilimchoma Navalayo. Obusuma, yaani ugali, ulipoiva alikula matonge machache akaisukuma sahani, na mama yake alipomuuliza kama anaumwa, alisema ni kichwa. Mama akamshika paji la uso kwa kiganja kilichonukia moshi. Kiganja hicho kizuri kilizidi kumhuzunisha.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Navalayo aliomba ufunguo wa chumba cha kompyuta. Usiku alikuwa amepata wazo. Angelifuta lile swali. Lingetoweka kana kwamba halikuwahi kuwepo, na hakuna mtu mwingine ambaye angeumia. Alijiambia kwamba huko ndiko kutengeneza.

Njia ya kwenda huko ilipita mbele ya ofisi. Nje ya ofisi, kwenye benchi lililo chini ya dirisha la Mwalimu Were, alikaa bibi kizee mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga kando, na fimbo ameilaza mapajani. Navalayo alimwamkia kwa heshima akitaka kupita.

"Mulembe, mwanangu. Ngoja kidogo, macho yangu hayaoni vizuri. Mama yako ni wa wapi?"

Navalayo alifundishwa tangu utotoni jinsi ya kumjibu mzee anayeuliza swali hilo. Jibu lilitoka lenyewe.

"Ni Mutura, kukhu."

"Mutura wa Shinyalu? Kumbe wewe ni mtoto wetu." Bibi aliushika mkono wake kwa viganja viwili vikavu. "Mimi ni kukhu wa Willis. Nimetembea tangu asubuhi. Huyu mtoto ana mdomo, hilo najua, mdomo wake haulali. Lakini roho mbaya sijawahi kuiona kwake. Wewe unasomanga naye. Niambie wewe. Ni yeye?"

Navalayo alijaribu kuutoa mkono wake. Bibi hakuukaza, ila hakuuachia pia. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayeamini kwamba mtoto wa Mutura atamwambia kweli.

"Kukhu, nitarudi," alisema, akaondoka mbio.

Ndani ya chumba cha kompyuta aliwasha mashine. Alifungua sehemu ambayo ni yeye tu na mwalimu walioweza kuifikia, akashuka mpaka penye swali. Mama yako ametoka ukoo gani? Mstari mfupi tu. Angebonyeza mara moja, angehifadhi, na mlango ungekuwa mzuri tena.

Halafu akaona jambo ambalo usiku hakuliona. Swali lile ndilo lililokuwa shahidi pekee wa Willis. Likifutwa, hakuna atakayeamini kwamba mtu yeyote, bila ujanja wowote, angeweza kuingia kwa Ayuma. Itabaki kwamba Willis ni mwizi wa maneno ya watu. Na yule bibi atavaa viatu vyake, atashuka ule mlima, akiwa ameambiwa hivyo.

Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Nje, watoto walikuwa wakicheza mpira na mtu alikuwa akipiga mluzi. Akaondoa kidole, akasimama, akatoka kumtafuta Mwalimu Immaculate.

"Mwalimu, naomba uje uone kitu kabla sijakifuta," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata mwalimu akamwomba arudie.

Mwalimu Immaculate alikuja, na kwa kuwa Mwalimu Were alikuwa naye, akaja pia. Navalayo aliwaonyesha. Mwalimu Were hakuelewa mara moja. Alisema swali hilo ni zuri, lina adabu. Mwalimu Immaculate alimwomba ajaribu kuingia kwenye akaunti ya Navalayo, naye Navalayo akaitikia kwa kichwa kwamba anaruhusu. Mwalimu Were alicheka kidogo, akasema yeye hajui lolote kuhusu nywila ya mtoto huyu. Kisha akakumbuka alichokisikia asubuhi hiyo. Dirisha la ofisi yake lilikuwa wazi wakati bibi alipokuwa akisalimiana na Navalayo. Aliandika taratibu kwa kidole kimoja: Mutura. Ukurasa ukafunguka.

Aliutazama muda mrefu.

"Hata mimi nimeingia," alisema.

Mwalimu Immaculate alizima mlango wote wa tovuti palepale, ili asiingie yeyote. Ndipo Navalayo akasema sehemu iliyobaki, ambayo ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Alisema kwamba Willis alimwonya wiki moja kabla ya maneno ya Ayuma kuonekana ubaoni, na kwamba yeye ndiye aliyemwomba anyamaze kwa sababu ya wageni wa Ijumaa. Machozi yalimtoka lakini aliendelea mpaka mwisho.

Mwalimu Were alitoka nje. Kupitia dirisha Navalayo alimwona akiinama mbele ya benchi, akiongea na bibi kwa sauti ya chini. Bibi alisikiliza, akaanza kuvaa viatu vyake. Mwalimu Were alimsaidia kusimama, akamkaribisha ofisini kunywa chai.

Baada ya mapumziko Mwalimu Immaculate aliingia darasani pamoja na Navalayo. Hakumlazimisha kusema. Alimuuliza tu kama anataka kusema yeye mwenyewe, au asemewe. Navalayo alisema atasema. Alisimama mbele ya ubao alioufuta asubuhi peke yake, kwa sababu Ayuma alikuwa amechelewa kuja kwa mara ya kwanza mwaka huo. Aliwaeleza wenzake kuhusu swali, kuhusu onyo la Willis, na kuhusu kunyamaza kwake. Hakuthubutu kutazama dawati lao.

Akamaliza. Kisha kiti kilikwaruza sakafu nyuma. Mvulana aitwaye Tyson alikuwa amesimama, mikono nyuma. Alisema kwamba aliposikia majigambo ya Willis alikwenda kujaribu, akakuta lile swali, na jibu lake alilijua. Alifungua akaunti ya kwanza iliyomjia akilini. Alisoma sentensi ile akaiona ya kuchekesha, akaiandika ubaoni Jumatatu jioni watu walipokwisha kwenda. Hakujua kwamba ni ugonjwa. Alidhani ni ndoto mbaya tu za mtoto. Hapo akakaa. Aliyempapasa mgongoni alikuwa Willis.

"Injinia, umechelewa," Willis alimwambia Navalayo, "lakini umefika."

Hakuna aliyecheka sana, ingawa wengine walishusha pumzi.

Mwalimu Immaculate aliuegemea ubao. Aliwaambia kwamba Tyson atakwenda na mzazi wake nyumbani kwa Ayuma, na kwamba hataki kulisikia tena jina la Blanketi. Wageni wa Ijumaa wataelezwa kwamba tovuti imefungwa, na wataambiwa sababu. Kuanzia sasa, aliyesahau nywila atakwenda kwa mwalimu kwa miguu yake, hata foleni ifike barabarani, na kila sehemu mpya ya mlango itajaribiwa na watu wawili kabla ya kuwekwa. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe alifurahia foleni kuisha bila kuuliza kwa nini, na kwamba kwa hilo amemwomba Ayuma msamaha.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Mlango wa tovuti una kazi ya kumjua mwenyewe. Kitu ambacho jirani anakijua hakiwezi kumtambulisha mwenyewe, hata kiwe kizuri namna gani. Navalayo hakulijua hilo, na kutojua si dhambi; tuko shuleni kwa sababu hatujui. Lakini aliambiwa, na akaficha ili aonekane hodari. Kosa lililoambiwa mapema ni kazi ya jioni moja. Kosa lililofichwa linamtafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi linamwangukia asiye na hatia. Anayetunza siri za watu hawezi kuwa mtu wa kuficha makosa yake."

Navalayo alirudi kwenye dawati. Ayuma alisogea kumpisha, kama kawaida, lakini hakusema neno siku hiyo yote.

Alhamisi asubuhi Navalayo alifika mapema akiwa hana hakika. Alikuwa amewaza kumwomba mwalimu ampe dawati jingine, ili Ayuma asilazimike kumwona kila saa. Alikuta mlango wa darasa uko wazi. Ayuma alikuwa ndani, anafuta upande wa chini wa ubao, polepole. Upande wa juu alikuwa ameuacha. Navalayo alichukua dasta ya pili, akaanza. Vumbi la chaki likawaangukia wote wawili.

"Pole, Ayuma," Navalayo alisema hatimaye. "Si pole ya watu wote. Mimi ndiye niliyeuacha mlango wazi nikijua. Na juzi, uliposema uko sawa, nilitaka kuamini, kwa sababu ilinifaa. Ukitaka, nitahama dawati."

Ayuma aliendelea kufuta mpaka akafika ukingoni. Aliiweka dasta chini. Alikunja na kukunjua vidole vyake, kimoja kimoja, kama alivyofanya kila asubuhi ya baridi. Kisha akageuka.

"Siko sawa," alisema. "Nimekukasirikia, Nava, na leo bado. Nilitaka uniambie wewe, mapema, kabla ya mwalimu, kabla ya kila mtu. Lakini usihame dawati. Sitaki kukaa na mtu mwingine."